Matundu Tisa ya Bibi

Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu wa pekee, wa miaka tisa, niliyempata umri umeshakwenda, amekaa mkekani mbele ya televisheni akitazama bahari. Ilikuwa bahari ya nchi nyingine, ya buluu mno, na samaki wake walikuwa wakielezwa na sauti ya mwanamume tusiyemjua. Bahari yetu ilikuwa nyuma ya mgongo wake, hatua mia tatu na arobaini kutoka mlangoni kwetu hapa Msambweni, nimezihesabu. Nikamwuliza, "Maji yamejaa au yamekupwa?" Akafikiri kidogo, akanijibu, "Bado hajasema." Alikuwa na maana ya yule mwanamume.

Sina ushahidi kwamba kile kioo kinamharibu mtoto. Nina shaka tu, na shaka hiyo nimeirithi. Nitakueleza ilikotoka, nami nitajitahidi kutenga niliyoyaona na niliyohadithiwa.

Nililelewa na bibi yangu, mama yake mama, katika ile miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati bendera mpya ilikuwa bado kitu cha kutazamwa. Bibi alishuku kila kilichofika mlangoni bila kuagizwa. Alinusa mafuta ya taa kabla ya kuyapokea. Alionja chumvi ya dukani kisha akaonja ile ya jana, kulinganisha. Hata mgeni aliyesifu chakula chake sana alimtilia shaka, akasema huyu atarudi kuazima sufuria.

Mahali pekee ambapo hakuwa na shaka ni mwambani. Kila bamvua, zile siku ambazo mwezi umekuwa giza au umekuwa mpevu na maji yanakupwa mbali kabisa, tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, tukavaa akala zetu za mpira wa gari, tukayafuata maji. Bibi alibeba mchokoo wake, ufito mrefu wenye chuma kwenye ncha, na mimi nilibeba kikapu. Nakumbuka mwamba ulivyokuwa ukitoa mlio wa kuchachatika ulipokauka kwa jua, na harufu ya majani ya bahari iliyoshika nguo hadi siku ya pili. Pweza anakaa tunduni, na mlangoni pake hukusanya vijiwe na makombe kama mtu anayejenga kizingiti. Ukimtoa, tundu halibaki tupu. Baada ya majuma machache huhamia mwingine. Ndiyo maana kwa wanawake wa kwetu tundu ni mali, na mali hurithiwa.

Bibi alikuwa na matundu ishirini. Aliyakumbuka kwa kupanga vitu vya nchi kavu: pembe ya msikiti ikikaa juu ya mnazi fulani, geuka kushoto, hatua saba. Urithi wake ulikuwa na masharti mawili. Tundu halitajwi nchi kavu; huonyeshwa tu, mtu akiwa amesimama juu yake. Na bibi mmoja haonyeshi wajukuu wawili tundu moja. "Mtagombana mimi niko kaburini, na sitaweza kutoka kuja kuwaamua," alisema.

Mimi ndiye niliyechaguliwa. Kwa miaka miwili nilionyeshwa matundu kumi na moja. Yalibaki tisa, yale ya mbali, ambayo ndiyo makubwa. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kufunga ukungu, naye alijua. Kabla ya bamvua moja aliniambia, "Mke mwenzangu, safari hii tutayamaliza." Aliniita hivyo kwa sababu babu, alipokuwa hai, alikuwa akidai mimi ndiye mke mdogo.

Siku ya kwanza ya bamvua hiyo likaja gari la sinema. Lilikuwa na kipaza sauti juu, na lilikuja mwezi ukiwa giza kwa sababu picha hazionekani vizuri penye mbalamwezi. Kwa hiyo lilitaka siku zile zile alizozitaka bibi. Jirani yetu, mwanamke mcheshi aliyependa kila jambo jipya, alikuja mbio kutuita.

"Bure?" bibi aliuliza.

"Bure kabisa, bi mkubwa. Waonyesha tu."

"Mafuta ya gari yanunuliwa na nani?"

"Na wao wenyewe."

"Na huyo dereva ala nini?"

"Bi mkubwa nawe! Twende ukastarehe."

"Mtu atoke huko atokako, aunguze mafuta yake, aniletee picha bure, halafu asitake kitu kwangu? Ataka. Hajakisema tu."

Hata hivyo alikuja. Baada ya magharibi uwanja ulijaa, na kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa baina ya miti miwili. Tuliona watu wakinawa mikono kwa sabuni, wakinawa tena, kisha mtu mnene akianguka ndooni. Halafu likatokea garimoshi, likatujia moja kwa moja. Binamu yangu, mjukuu mwingine wa bibi, msichana wa rika langu, alipiga ukelele akakimbia hadi nyumbani na kiatu kimoja. Uwanja mzima ulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Bibi hakukaa nasi. Alizunguka nyuma ya kitambaa. Nilipomwuliza tukiwa njiani kurudi, alisema, "Nilikwenda kutazama nani yuko nyuma. Hakuna mtu. Ni watu wale wale, wananawa kwa mkono wa kushoto." Akashika bega langu kuvuka shimo. "Kisha nikachungulia pembeni, nikazitazama nyuso zenu. Midomo wazi kama samaki changu kikapuni."

Asubuhi gari lilikuwa likihamia kijiji kinachofuata. Yule mtu wa kipaza sauti alitangaza kwamba mtoto atakayelifuata akipiga kelele za kuliitia watu atapewa kipande cha sabuni, na jioni atakaa mstari wa mbele. Nilimwambia bibi, "Tangulia, bibi, nitakukuta ufukweni." Nilijua nasema uongo, hili sikuhadithiwa. Nilipiga hesabu zangu: bamvua ina siku kadhaa, maji yatakupwa kesho pia, matundu hayana miguu.

Lakini bibi alikuwa na hesabu nyingine. Alisimama kwenye mnazi wa mwisho, hapo mchanga unapoanza, akaningoja. Jirani aliniambia baadaye kwamba alimwona hapo hadi maji yalipofika mbali, na kwamba kila mtoto aliyepita alimwita kwa jina langu, kwa kuwa hakuziona sura vizuri. Aliyejibu mwishowe ni binamu. Yeye hakulifuata gari kwa sababu aliliogopa, tena watoto walikuwa wakimzomea, "Garimoshi hilooo!" kila alipopita. Alikuwa amejificha ufukweni.

Nilirudi mchana na lengelenge kisiginoni na sabuni ndogo isiyojaa kiganja. Gari lilikuwa limeongeza mwendo baada ya daraja, likatuacha. Nilikuta pweza wanne wameanikwa kambani, wakubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, na binamu ameketi kizingitini akisugua chuma cha mchokoo kwa mchanga. Hakuniangalia.

"Bibi, nimekuja."

"Karibu. Tumeshakwenda na kurudi, mke mwenzangu."

"Yapi?"

"Yote tisa."

"Basi kesho nionyeshe na mimi."

Akaninyang'anya ile sabuni, akainusa pande zote mbili, akanirudishia. "Masharti wayajua," alisema. Hakukasirika. Laiti angalikasirika. Jioni alinipakulia mchuzi wa nazi na mnofu mnene wa mguu wa pweza, nami niliutafuna nikijua umetoka mahali ambapo sitapajua.

Baada ya miezi mitatu hakuweza tena kutofautisha mwamba na maji, akaacha kwenda. Binamu alikuwa akitangulia mbali peke yake na mimi nikibaki karibu na matundu yangu kumi na moja. Sikuwahi kumfuata wala kumchungulia. Huo ungekuwa wizi. Bibi alipofariki alizikwa na siri zake. Binamu aliolewa Kibuyuni, ambako sasa analima mwani. Wanawe wa kiume wanafanya kazi ya malori huko Mackinnon Road, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga mwamba.

Nimeilaumu sinema ile kwa miaka mingi. Nikiwa mkweli, kitambaa hakikunibeba. Miguu ilikuwa yangu. Lakini swali la bibi bado nalitembeza. Kila ninapokiona kioo kikimmulika mwanangu usoni, najiuliza kinataka nini ambacho hakijakisema.

Bamvua iliyofuata nilimwandikia binamu aje. Alikuja na kijikapu cha mwani mkavu na ule mchokoo wa bibi, ufito mpya, chuma kile kile. Nilimwomba, baada ya miaka yote, anionyeshe. Akacheka.

"Wewe? Hata! Bibi alinikataza mbele ya lile tundu la tisa. Alisema, 'Yule asionyeshwe. Lakini akizaa, mwonyeshe mwanawe.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza leo."

Basi binti yangu alizima televisheni kwa kununa, akavaa akala zilizomzidi mguu, wakaondoka wawili. Mimi nilisimama kwenye mnazi wa mwisho. Si ule wa bibi. Ule umekatwa, na uwanja wa sinema umezungushiwa ukuta wa nyumba za wageni. Katika matundu yangu kumi na moja, manne yamejaa mchanga. Msikiti umejengwa upya na pembe yake haikai tena juu ya mnazi wowote. Sijui binamu aliyapangaje yale ya mbali. Niliwatazama wakiwa vidoa viwili, kisha kidoa kimoja, kisha sikuwaona, nikajua bibi aliona nini siku ile nilipolifuata gari: mtu wake akipungua hadi akaisha.

Walirudi maji yakiwaramba visigino. Binti alikuwa na mkwaruzo gotini na pweza mmoja mkononi, amemzungukia mkono hadi kiwikoni.

"Mmemtoa wapi?" nilimwuliza, na nilikuwa nikitaka kujua kweli.

Akamtazama binamu, kisha akanitazama mimi. "Mama, halitajwi nchi kavu."

Nikampokea kikapu. Alasiri alikiwasha tena kile kioo. Nilipopita na sinia la muhogo, nilimwuliza kwa sauti ya kawaida maji yako wapi. Hakugeuka, lakini alijibu mara moja, "Yanajaa. Yamefika kwenye jiwe jeusi."

Niliweka sinia, nikatoka nje kuhakikisha.