Gauni Namba Arobaini na Tatu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Zipu kwa jinsi anavyojua kufunga mdomo. Miaka thelathini amewapima wanawake wa hapa, na hakuna anayejua kiuno cha mwenzake. Ukimdadisi, anabana pini midomoni na kuendelea kukanyaga cherehani.

Tena ana mtindo wake. Ukimletea kitambaa, anakata kipande cha pembeni, anakigawa kwa mkasi unaokwenda ovyo ovyo, nusu anaishikiza ndani ya kola, nusu anakupa wewe. Siku ya kuchukua nguo lazima nusu mbili zikutane, na hata zikikutana bado anakutazama usoni. Kisha unaondoka na nusu yako, na ile ya kola inabaki hukohuko.

Mimi niliyesomea kompyuta niliviona vipande hivyo vichekesho. Nikamtengenezea tovuti. Kila oda ilipata namba kwa kufuatana, na namba hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa anwani ya ukurasa wake. Mteja anatumiwa linki, anabofya, anaona nguo yake imefikia wapi.

"Namba tu inatosha, Shangazi. Vitambaa vya nini?" nilimwambia. Ujuaji ulikuwa umenijaa hadi puani.

Kumbe oda ya arobaini na moja ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu akiona arobaini na moja, kidole kinamwasha. Akafuta moja, akaandika mbili. Akaiona suruali ya jirani yake pamoja na vipimo vyote, akacheka. Akaandika tatu, kicheko kikakatika.

Jumamosi asubuhi aliingia dukani bila hata kubisha hodi, simu mkononi.

"Mama Zipu, namba ya simu iliyoandikwa hapa ni ya mume wangu. Gauni la kijani, kiuno inchi ishirini na sita. Mimi kiuno changu ni thelathini na sita, wewe mwenyewe umenipima! Huyu wa ishirini na sita ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ndoa ya miaka ishirini ilikuwa inatikiswa na ukurasa niliouacha wazi mimi, na jina la Shangazi lilikuwa linakwenda na maji. Yeye aliujua ukweli wote. Sentensi moja ingemaliza kazi. Hakuitoa.

"Mwalimu, siri ya mteja siitoi. Mwenyewe akitaka ataitoa. Kaa hapo." Akapiga simu. "Shemeji, njoo sasa hivi. Uje na ile nguo."

Mume ni fundi baiskeli. Alifika na mikono myeusi kwa grisi, mfuko ameushika kwa ncha za vidole. Akamwona mkewe, akanywea. Shangazi akatoa nguo mfukoni: gauni jeupe la harusi, alilolishona yeye mwenyewe.

"Hilo si langu?" Mwalimu akauliza.

"Ni lako. Tunatimiza miaka ishirini mwezi ujao, nikataka kukushtukiza. Ningekupima wewe ungejua. Nikalipima hilo."

Shangazi, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono. "Na kipande?"

Fundi baiskeli akajifuta kwenye suruali, akachomoa pochi, na nyuma ya kitambulisho akatoa nusu ya kitambaa iliyogeuka manjano. Shangazi akaipeleka kwenye kola. Zikakutana, kila pembe mahali pake.

"Umekibeba miaka yote hii?" Mwalimu alikuwa analia sasa.

"Ningekitupa wapi?"

"Lakini inchi ishirini na sita! Wewe mwanamume una macho kweli?"

"Mimi naona vilevile."

Tulicheka mpaka cherehani ikatingishika. Shangazi akatema pini zake. "Msihangaike. Nilikata thelathini na sita. Mnadhani mimi mjinga?"

Kisha akanigeukia. "Namba yako kila mtu anaweza kuihesabu, mwanangu. Kipande changu nani atakihesabu?"

Nilikaa kwenye meza yake ya kukatia na kuanza upya. Sasa ukurasa unakuuliza kwanza wewe ni nani, na kama nguo si yako haufunguki ng'o. Zile namba nikazing'oa, nikaweka mwishoni mwa kila anwani mfululizo mrefu wa herufi zisizo na mpangilio. Shangazi alipoziona akaridhika. "Hapo umekata ovyo ovyo," akasema, na nikafurahi kuliko siku niliyopata cheti.

Mwezi uliofuata Mwalimu alikuja kulichukua gauni la kijani pamoja na mumewe. Lilimkaa sawasawa. Shangazi akazikutanisha nusu mbili, akawatazama usoni wote wawili, akamrudishia fundi baiskeli nusu yake. Naye akafungua pochi, akaiweka ile ya kijani nyuma ya ile nyeupe.