Niliingia simu ya Mathe nikiwa Lanet, wazee wakadhani marehemu amefika

Wakuu, sasa. Hii ilinifanyikia mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mathe, mama yangu, angekuwa humu angewaambia hivyo hivyo, tena kwa ukali.

Mimi naishi Lanet. Mathe yuko mbali, nyumbani kijijini Kuresoi. Bro yangu Kibet yuko majuu, ng'ambo huko, na bibi yake, na juzi walipata mtoto, msichana. Mjukuu wa kwanza wa Mathe.

Sasa kwetu mtoto hapewi jina tu hivi hivi. Wamama wakubwa wanaketi na kumwitia majina ya watu wetu waliokufa, moja moja. Jina likitajwa apige chafya, basi huyo ndiye amerudi. Ndio, tunaenda kanisa, na bado tunafanya. Msinianze.

Mtoto yuko mbali, kwa hivyo ilikuwa ifanyike kwa video call. Mara ya kwanza network ilikataa. Ya pili, Mathe alikuwa amebonyeza kitu na simu yote ikageuka Kichina. Kibet akachoka. Akasema leo ikikataa, wanampa jina la kizungu na hiyo story iishe.

Mathe alinipigia akilia. Wakuu, Mathe halii ovyo.

Bahati nzuri, Krismasi nilipoenda nyumbani nilikuwa nimemwekea app ya remote. Nikiwa na laptop yangu naona screen yake yote, na mouse yangu inabonyeza kama kidole. Shida moja tu, haileti sauti. Naona, sisikii.

Nikamwambia, "Mathe, weka simu kwa meza, usiiguse. Naitengeneza kutoka hapa."

"Sawa," akasema, akaenda jikoni kupika chai.

Kile hakufanya ni kuwaambia wageni. Sebuleni kulikuwa na Senge, dada ya marehemu baba, na Kogo, shangazi ya baba, ambaye ndiye mkubwa wa hiyo boma na haogopi mtu. Walikuwa wanakumbushana majina ya wafu ndio wasije wakasahau mmoja mbele ya mtoto.

Unaona mahali hii inaenda?

Hii sehemu niliambiwa baadaye. Senge anataja, "Tapkigen." Simu inawaka. "Tapsubei." Settings inafunguka yenyewe. "Taprandich." Simu inatoka Kichina, inaingia Kiswahili.

Na mimi huku nimefurahi kama mjinga, nikafungua camera ya mbele kuona kama inafanya kazi. Nikaona mabati. Halafu polepole ikaingia sura ya Senge, imeinama, macho imetoka. Halafu Senge hayuko. Mabati tena.

Mathe akasikia nduru, akakuja mbio. Akajaribu kueleza, "Huyo ni Kipkoech anatengeneza simu."

Kogo akamuuliza, "Kipkoech si yuko Lanet? Mkono yake inafika hapa aje?"

Kusema ukweli hilo swali hata mimi lingenishinda.

Kogo akachukua sufuria, akafunika simu.

Kwangu screen ya camera ikawa nyeusi tii. Nikasema labda camera imekufa, wacha basi ni-test sauti. Nikaweka volume mwisho, nikacheza ringtone.

Woi. Sufuria ikaanza kuimba. Senge alitoka nje na kiatu moja.

Nikapiga simu ya Mathe, hakuna anayeshika, sufuria inazidi tu. Na saa ya Kibet inakaribia. Ndio nikakumbuka Kogo ako na kabambe yake, ile simu ndogo ya kubonyeza, anaiwekanga kwa mkoba. Nikapiga. Mkoba nao ukalia, na Senge, aliyekuwa amechungulia kwa mlango, akarudi nje.

Kogo akashika. "Wewe ni nani? Na ni nani huyo anaimba kwa sufuria yetu?"

"Kogo, ni mimi Kipkoech. Hiyo kelele kwa sufuria ni mimi. Sikiza, nainyamazisha."

Nikanyamazisha.

Kogo akaniambia, "Washa."

Nikawasha.

"Zima."

Nikazima.

"Washa tena."

Wakuu, alinizungusha hapo mpaka nikamwomba, "Kogo tafadhali, mtoto anangoja!" Ndio akafunua sufuria mwenyewe.

Kibet akapiga. Nilibaki ndani ya simu, Mathe asije akabonyeza Kichina tena. Nikaona mtoto, sura ndogo imekunjwa kwa hasira. Kogo mdomo unaenda, jina baada ya jina. Mtoto kimya. Akapiga miayo. Macho ikaanza kufunga. Nikaona Kibet anaangalia saa.

Nilikuwa nimeshika mouse na hakuna kitu ningeweza kubonyeza.

Mathe akanyakua simu. Akaileta karibu na uso wake, akasema kitu kifupi, polepole.

Mtoto akapiga chafya.

Screen ikatingishika, mabati, sakafu, kiatu ya Senge. Ilipotulia nikaona Mathe amejifunika uso na leso, mabega yanatetemeka. Sikujua ni jina gani. Nililia tu.

Baadaye akanipigia. "Ni Taprandich." Mama ya baba. Ndiye aliyempokea Mathe kwa hiyo nyumba alipoolewa akiwa msichana mdogo, akamlea kama wake. Kogo alikuwa ameshamtaja, mtoto akanyamaza. Mathe alimwita yeye mwenyewe, akaitika. Kibet anasema eti mtoto alikuwa na homa ya mafua tu. Abaki na hiyo homa yake.

"Asante, baba," Mathe akaniambia. "Sasa toka kwa simu yangu."

Nilichojifunza: ukiingia simu ya mzazi ukiwa mbali, piga hodi kwanza, na hodi umpigie mkubwa wa nyumba, sio mwenye simu.

Kuna mwingine ameshatisha watu wa kwao hivi? Andikeni hapa chini, nisicheke peke yangu. Na kama kuna fundi, anisaidie: Kogo amenipigia leo asubuhi, anataka nizime redio ya jirani.