Mama wa Kwenye Simu

Abiria wa meli ya kitalii anaweza kusamehe mengi. Atasamehe bahari kuchafuka, atasamehe supu iliyopoa, atasamehe hata jirani anayekoroma ukuta wa pili. Intaneti ikikatika, hapo hapana. Hapo utamwona mtu mzima na ndevu zake anashuka ngazi kwa ndala, simu mkononi, anamtafuta aliyeizima. Na aliyeizima, kwa imani yao wote, ni yule dada mfupi anayekaa kwenye dawati karibu na ngazi kuu.

Wenzake melini walimwita Mnara. Jina lilitoka kwa wapishi wa jiko la wafanyakazi, na halikuhusu kimo, maana akikaa kwenye kiti chake miguu haigusi sakafu. Lilihusu jinsi watu walivyomzunguka kutwa wakimnyooshea simu, utadhani mawimbi yanamtoka mwilini. Alilizoea. Ukichoka sana huna hata nguvu ya kukataa jina.

Kabla ya hapo aliuza simu na vocha kwenye kiduka cha pembeni mwa soko, nchi kavu. Akasikia meli zinatafuta watu wanaojua mambo ya simu na wenye subira, akaenda kwenye usaili akasema subira anayo. Mtoto wake wa kike ndiyo kwanza alikuwa ameacha kunyonya. Baba wa mtoto alishaenda zake siku nyingi, tusipoteze wino kwake. Mtoto akabaki kwa mama yake mdogo, yaani mdogo wake Mnara, fundi cherehani anayeshonea sebuleni kwake. Makubaliano yalikuwa mkataba mmoja tu, kisha mambo yakikaa sawa Mnara arudi. Nani asiyejua mikataba? Mmoja ukaita mwenzake. Kila alipotia saini alijiambia ni kwa ajili ya mtoto, na kila saini ilimweka mbali na mtoto huyohuyo. Alikuwa na hofu moja tu maishani, na wala si kuzama: kwamba binti yake angekua bila kumjua mama yake.

Hofu hiyo aliibeba mpaka kwenye dawati, akaikalia, akawahudumia watu.

Kulikuwa na maharusi waliotaka kurusha picha zao, picha zikagoma kupanda. Bi harusi alilia kwelikweli. Wametoka mbali kote huko kuja kufurahi, na hakuna hata mtu mmoja anayeona kwamba wamefurahi. Bwana harusi akasimama nyuma yake akimpigapiga mgongoni, akimkodolea macho Mnara kama aliyemuibia mahari.

Kulikuwa na mzee mstaafu aliyefunga kamera getini kwake ili aichunge nyumba akiwa baharini. Picha ikaganda asubuhi, muuza maziwa akiwa amesimama getini. Mzee akashinda akimwangalia mtu yule asiyesogea, presha ikampanda, chakula cha mchana hakukigusa. Jioni akamjia Mnara akinong'ona kwamba kuna jambazi sugu nyumbani kwake, tangu asubuhi hata mguu hajabadilisha. Mnara akampa maji ya kunywa, akamwonyesha saa iliyoganda pembeni mwa picha. Mzee akauliza kama maziwa yatakuwa yameharibika.

Na wapo wale wa kupanda juu. Hao hawashauriki. Mtandao ukisumbua wanakwenda sitaha ya juu kabisa, upepo unawapeperusha nguo, wameinua simu mbinguni kama wanaoomba mvua. Mnara aliwaeleza mpaka koo likamkauka: simu yako haiongei na setilaiti, bwana, inaongea na kile kidude cha ukutani kilicho karibu na chumba chako. Kidude kinaongea na lile kuba jeupe juu ya paa, kuba linaongea na setilaiti, setilaiti inashusha maneno nchi kavu, na jibu linarudi njia hiyohiyo. Njia ni moja, na meli nzima inaigombania. Mvua kubwa ikinyesha, inasuasua. Meli ikipita ubavuni mwa mlima, imekatika. Abiria anasikiliza yote, anatikisa kichwa, anasema ahsante, kisha anapanda juu na simu yake.

Safari moja alikuja bibi mjane, mnene wa haki, aliyelipiwa matembezi na wanawe. Kila alasiri alivuta kiti pembeni mwa dawati akampigia mjukuu wake kwa video, kwa sababu peke yake hakujiamini na vitufe. Siku moja picha ikaganda, mjukuu kaacha mdomo wazi. Bibi akaendelea kusimulia.

"Bibi, imeganda hiyo," Mnara akamwambia. "Hakusikii."

"Najua, mwanangu. Lakini afadhali akiganda, anatulia. Nyumbani hanipi hata nafasi ya kumaliza sentensi."

Mnara alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi. Bibi naye akacheka, kisha akamtazama vizuri.

"Na wewe una mtoto?"

"Ninaye mmoja. Yuko kwa mdogo wangu."

"Anakujua?"

"Ananijua, bibi. Tunaongea kila tukipata nafasi."

Bibi akasema vizuri, vizuri, akaendelea kuongea na mjukuu aliyeganda. Mnara akageukia mteja aliyekuwa anasubiri, lakini neno lile lilimkaa kifuani mpaka anamaliza zamu.

Maana nafasi yenyewe ilikuwa nafasi gani? Wafanyakazi waliachiwa intaneti pale abiria walipokuwa mezani kwa chakula cha jioni, kwa kuwa mtu anayetafuna hachezei sana simu. Hapo utawaona wahudumu, wafua nguo, mafundi wa injini, wote wamebanana kwenye ngazi za chini karibu na chumba cha kufulia, kila mmoja amegeukia ukuta wake, kila mmoja anaongea na watu wake kwa sauti ya chini. Ukiongea vibaya maneno yanagongana: wewe unauliza, yeye bado anajibu swali la nyuma. Kwa hiyo Mnara na binti yake walijiwekea utaratibu. Unasema lako, ukimaliza unasema "basi", unatulia, mwenzako anaanza. Na usitikisike, maana ukitikisika picha inajaa chenga. Mnara alikaa mbele ya simu kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mtoto naye, mkia wa nywele umesimama kichwani, alikaa vilevile.

Lakini kuongea aliongea. Kwenye simu mtoto yule alikuwa kasuku. Paka wa jirani kazaa chini ya kitanda cha mamdogo, basi. Jino linacheza lakini sitaki ling'olewe, basi. Mnara alikuwa akirudi kulala na maneno hayo, akiyapanga kichwani, akijiambia kwamba mtoto anayekusimulia habari za jino lake hajakusahau.

Mkataba ukaisha, likizo ikaja, ya kwanza tangu aondoke. Akafika nyumbani miguu imevimba, begi moja, usingizi umemjaa machoni. Mdogo wake akamkumbatia mlangoni, wakalia kidogo, wakacheka kidogo. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya cherehani.

"Njoo umwamkie mama," mama yake mdogo akamwambia.

Mtoto akaja. Akasema shikamoo, akainama kwa adabu, akaenda jikoni akaleta maji ya kunywa kwenye sinia. Akasimama kusubiri glasi, kama anavyofanya kwa wateja wa nguo.

Adabu hiyo ndiyo iliyommaliza Mnara. Angelia, angekimbia, angemrushia kitu, ingekuwa nafuu. Siku zikapita, adabu palepale. Ukimwita anakuja. Ukimuuliza anajibu neno moja, macho kwenye vidole. Akijikwaa uani anampita mama yake mzazi pale mlangoni, anakwenda kulilia kwenye mapaja ya mamdogo. Mnara akajitahidi kuongea naye, na hapo ndipo akili ya melini ilipomwaibisha. Alisema sentensi moja, akaongeza "basi", akatulia tuli akisubiri, mtoto mwenyewe yuko hatua mbili mbele yake. Mdogo wake akaangua kicheko pale kwenye cherehani.

"Dada, hapa hatuko kwenye simu. Ongea tu."

"Nimesahau kuongea tu."

"Basi mpe muda. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sasa upo, lako litakuja."

"Linakuja kwa miguu, mdogo wangu? Maana naona linachelewa."

Wakala wa meli akaanza kupiga. Nafasi yake ipo, dawati lilelile, lakini wanataka jibu. Mnara akasema atafikiri. Akafikiri akiwa anaosha vyombo, akafikiri akiwa anaanua nguo. Alikuwa amechoka, si uchovu wa kulala ukaisha. Asubuhi moja alimwona mtoto akipokea mkate mkononi mwake na kusema ahsante sana kwa sauti ileile ya kushukuru wageni, moyo ukamkata. Wakala alipopiga akamwambia ndiyo, nitakuja. Hesabu yake ilikuwa fupi: hapa mimi ni mgeni, kule, japo kwenye kioo, mimi ni mama.

Alasiri ya siku ileile, mdogo wake alitoka kwenda kununua uzi. Mnara alibaki sebuleni anakunja nguo, mtoto yuko chumbani. Simu ikalia. Ilikuwa video, namba ya mdogo wake. Akadhani amesahau kitu, maana huyo naye kusahau hela ni kawaida yake. Akapokea.

Kwenye kioo akatokea binti yake. Amekaa sakafuni kati ya kitanda na kabati na simu aliyoisahau mamdogo, uso umejaa kioo chote.

"Mama! Unanisikia? Basi."

Sauti ilimfikia mara mbili, kwenye simu na kupitia mlangoni. Mnara akageukia mlango kwanza, na mtoto hakushangaa jibu kuchelewa, kwani alishazoea kusubiri.

"Nakusikia," akasema hatimaye.

"Leo sauti yako haina mikwaruzo. Mama, mbona hupigi tena? Tangu mgeni aje hupigi kabisa. Jino limetoka jana, nilikuwa nataka nikuonyeshe. Ona." Akafungua mdomo, akaonyesha pengo. Siku nzima tangu jana Mnara alikuwa nyumba moja na lile pengo, hakuliona.

"Mgeni gani, mwanangu?"

"Yule anayefanana na wewe. Ni mzuri, ila ana huzuni. Ameniletea viatu vya kamba. Vinabana, lakini navaa hivyohivyo asije akalia."

Viatu vile Mnara alivinunua bandarini kwa kukisia mguu aliouona kwenye simu. Siku aliyomvalisha alimuuliza kama vinamtosha, mtoto akasema vinatosha sana, ahsante.

"Na kama huyo mgeni ndiye mimi?"

Mtoto akatabasamu, tabasamu la mtu mzima anayemvumilia mjinga. "Wewe uko melini. Mama, yeye anaondoka lini? Mamdogo amesema ana likizo tu. Akiondoka ndiyo uje wewe. Kitanda ni kimoja."

Mnara alijaa machozi, akayameza. Miaka yote ile dawatini aliwatuliza watu wazima waliolia kwa sababu ya picha zisizopanda, na leo hajui amtulize vipi mtoto mmoja. Akaziweka nguo chini, akainuka, simu imesimama mbele ya uso wake.

"Nimeshashuka melini," akasema. "Ninakuja."

"Kweli?"

"Kweli. Angalia natembea."

"Mbona nyuma yako kuna pazia letu?"

"Kwa sababu nimekaribia. Hapa ni kwenye cherehani. Hapa ni mlangoni kwako. Nisogeze mlango?"

Mtoto akajibana kwenye kabati. Mnara akausukuma mlango taratibu, akasimama pale kizingitini, simu bado iko usoni, maana aliogopa kuishusha. Mtoto akatazama kioo, akatazama mlangoni, akarudi kwenye kioo.

"Inua mkono," akasema.

Mnara akainua mkono. Mkono ukapanda mlangoni, kisha ukapanda kwenye simu.

"Cheka."

Akajaribu. Kilichotoka hakikuwa kicheko cha maana, lakini kilitoka pande zote mbili.

Mtoto akafikiri sana. Kidole chake kilikuwa kinaelea juu ya kile kitufe chekundu.

"Nikikata, hutapotea?"

Mnara alikuwa amempa wakala neno lake asubuhi ileile. Ile "ndiyo" aliyoisema ilikuwa bado ya moto.

"Sipotei," akasema.

Mtoto akafumba macho, akakata. Akayafumbua, akaangalia kioo cheusi, akainua kichwa polepole kutazama mlangoni. Mama alikuwapo. Akamkagua kuanzia juu hadi chini, akashusha pumzi, kisha akanyoosha mguu mbele, na sauti ikabadilika, ikawa ya kudeka, ya mtoto aliyechoka kuwa na adabu.

"Viatu vinaniuma."

Mnara akapiga magoti sakafuni. Kamba zilikuwa zimekazwa fundo juu ya fundo. Simu yake ilikuwa imeanguka kitandani na wakala alitakiwa apigiwe kabla ofisi haijafungwa, aambiwe atafute mtu mwingine wa kukaa kwenye lile dawati. Atakasirika, na haki anayo. Mnara akafungua mguu wa kwanza, akakuta kidole kimechubuka, akaanza kufungua wa pili.