Eriali Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa kujua kila kitu, na mpaka leo nikikumbuka ujuzi wake naziba pua.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Temeke, mimi na mama, pamoja na yeye aliyetuangalia tangu baba afariki. Kaka yangu alikuwa askari, amepelekwa vitani Malaya. Ikatufikia habari kwamba Ijumaa, katika salamu za askari redioni, zamu ilikuwa ya kikosi chake. Mama hakuwa amesikia sauti ya mwanawe tangu aondoke. Hata chakula kikawa hakimpiti.

Redio ya betri tulikuwa nayo, ila stesheni za mbali zilikoroma tu. Mzee wa Kihindi mwenye duka mtaani kwetu alikuwa ameletewa kwa meli eriali mbili za aina mpya: fimbo ndefu za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, waya umepita ndani. Moja aliisimamisha juu ya duka lake, na ya pili akampa mama bure alipojua anachokisubiri. Upepo ukivuma, ile ya dukani ilipinda mpaka ukadhani itagusa bati, kisha ikasimama tena.

"Bwana, usiifunge," alimwambia baba mdogo. "Iache iyumbe. Kuyumba ndiyo salama yake."

Baba mdogo akaitikia kwa heshima zote. Kufika nyumbani akacheka. "Kitu gani hiki cha kuinamia kila upepo? Watu watatucheka!" Akaleta mti wa mvinje, akausimamisha ukutani, akaikaza eriali juu yake kwa kamba ya makumbi ya nazi, chini hadi juu. Angeishia hapo ningemsamehe. Akaenda Msasani kwa rafiki zake wavuvi, akarudi na debe la mafuta ya papa, yale wanayopaka mashua zisiingie maji, akaipaka eriali yote.

Mungu wangu, uvundo ule! Ni ini la papa lililoozeshwa juani. Mafuta yalichuruzika ukutani, yakadondokea nguo nilizoanika, nzi wakajaa, na paka wa mtaa mzima wakahamia uani kwetu. Kanga yangu mpya niliifua nikachoka, nikaifanya tambara la kudekia. Nikilalamika ananijibu, "Mashua inavuka bahari kwa mafuta haya, sembuse kifimbo?"

"Mwache, mwanangu," mama aliniambia. "Mradi nimsikie."

Ijumaa masika yakatushukia na upepo wake, mabati yakalia. Nikamwambia mama twende dukani tukasikilize kule. Baba mdogo akasimama mlangoni. "Mie nina redio yangu. Nikapige hodi kwa watu kusikiliza salamu za mwanangu?" Mama hakuwahi kumbishia shemeji yake. Akakaa.

Mtangazaji akataja Malaya. Papo hapo mti ukapasuka, ukaanguka na eriali iliyofungwa nao, isipate hata nafasi ya kupinda. Redio ikabaki kukoroma. Nilitoka mvuani nikaokota vipande vyenye utelezi wa mafuta, na nyuzi za kioo zikanichoma viganja, zikawasha kwa siku nyingi. Juu ya duka, ile nyingine ilikuwa ikiinama na kuinuka.

Mvua ilipopungua yule mzee akaja, suruali imelowa hadi magotini. "Mama, mmemsikia?"

Mama akatikisa kichwa.

"Amesema, shikamoo mama. Amesema yu mzima."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, akimtazama yule mzee mdomoni, machozi yanamtoka.

Baba mdogo akasogea, ananuka papa mwili mzima. "Na mie? Hakunisalimia?"

Nikafungua dirisha.

Kaka hakurudi. Mama alipozeeka akawa ananiuliza sauti ya kaka yako ilikuwaje, na mimi nami nilikuwa nimeisahau. Papa haingii jikoni kwangu. Majirani wakimpika, nafunga dirisha.