Betri Kwenye Nyumba ya Nyasi

Betri yangu ya sola ilianza kuzima saa mbili usiku, ilhali zamani ilinifikisha alfajiri. Naishi peke yangu Lionja. Watoto wako Dar, na sauti zao zinanifikia kwa simu tu. Simu ikikosa chaji, siku nzima naongea na kuku. Kwa hiyo betri ile haikuwa mchezo kwangu.

Nilimwita fundi kutoka Nachingwea mjini. Akaigusa, akavuta mkono haraka.

"Mzee, betri hii unaipika. Bati juu, dirisha moja, mchana humu ndani ni jiko. Huna mahali penye ubaridi?"

Nilikuwa napo, ila sikutaka kusema. Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha mama, cha udongo na nyasi, nilichokifunga tangu tulipomzika. Fundi alikiona mwenyewe, akakiendea bila kuniuliza. Nikafungua kufuli kwa hasira.

Ndani palikuwa na ubaridi wa asubuhi, ingawa jua lilikuwa utosini. Fundi akapanga matofali, akaiweka betri juu yake, mbali kidogo na ukuta ili ipate hewa. Paneli akaihamishia huko, akavuta waya hadi kwangu.

"Aliyekuwa akikaa humu alijua raha," alisema.

Nikajifanya natafuta ufagio.

Nyumba ya bati niliijenga kwa ajili ya mama, mwaka ambao korosho zilikubali. Alilala humo siku mbili, akabeba mkeka wake akarudi kwenye nyasi, akisema joto linamnyima usingizi. Nilinuna. Niliona ananiaibisha mbele ya watu: mtoto ana bati, mama yuko kibandani. Nikamwambia anadeka.

Sasa betri imepona. Mchana nakwenda kuipima kwa kiganja, kisha nabaki palepale hadi alasiri, maana kwangu hakukaliki na hakuna wa kunisemesha. Namkumbuka mama mno.

Juzi niliona mwanga ukipenya kwenye paa. Siku hiyohiyo nikatafuta watu wakate nyasi, waezeke upya kabla ya mvua, betri isije ikalowa. Mama aliniomba jambo hilohilo mwaka wake wa mwisho. Nilikataa makusudi, nikisubiri achoke kunyeshewa, ahamie kwangu. Alinyeshewa msimu mzima, na hakuhama.