Kibali cha Mnyama Mmoja

Sababu ya safari yangu ilikuwa harusi, na harusi yenyewe ilikuwa yangu. Mwaka huu, baridi ilipoanza, nilimposa Zubeda, binti wa Mzee Hamisi wa hapa Durban. Babu zake huyu mzee walitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki zamani sana, ila yeye ni mzaliwa wa hapa hapa. Posa ikakubaliwa, mahari ikapokewa, kisha mzee akatoa neno lake moja: kwenye walima wa binti yake watu hawatakula kuku. Alipooa yeye, baba yake alileta swala kutoka nyanda za juu, ng'ambo ya milima ya Drakensberg, na waliokula wakausifia wali ule miaka na miaka. Basi na binti yake wa pekee ataolewa kwa nyama ya porini. Mimi ni mtu wa Tanga, naendesha foklifti kwenye ghala moja la Clairwood. Swala nilikuwa nimewaona kwenye sarafu tu.

Kulikuwa na sharti. Mnyama hupigwa risasi, lakini kisu lazima kimkute bado hai. Akifa kabla, huyo ni kibudu na Mwislamu hali. Mzee ana bunduki ya halali na shabaha bado anayo, ila magoti yamemwisha. Zamani alikuwa akipiga na kukimbia mwenyewe. Sasa alihitaji mwenye miguu. Akaniuliza mbele ya wajomba wote wa Zubeda, "Wewe umeshachinja?"

Nikajibu kifua mbele, "Mbuzi, mzee. Kila Idd, kule Tanga."

Ukweli ni kwamba mbuzi walichinjwa na ami yangu. Mimi nilishika miguu, tena ya nyuma.

Kabla ya barabara kulikuwa na makaratasi, na hiyo nayo naihesabu kuwa safari. Kumbe huku kibali cha kuwinda hutolewa na kila mkoa, na mtu wa mkoa mwingine hulipa zaidi ya mwenyeji. Tulikaa sebuleni, Zubeda akiwa na kompyuta mapajani, mimi na mzee tukimwangalia.

"Baba, hapa lazima tuweke kwamba wewe si mkazi wa mkoa ule. Ni mgeni."

"Mgeni? Mimi?" Mzee akasimama na magoti yake mabovu. "Eish! Nimezaliwa Durban, baba yangu kazaliwa Durban, leo kuvuka mlima tu niwe mgeni? Nine hundred rand kwa karatasi? Weka mkazi!"

Zubeda akaweka mkazi. Fomu ikarudi baada ya wiki, kwa haki kabisa. Tukaipeleka tena, safari hii barua ya mwenye shamba ikitaja wanyama wawili na sisi tumelipia mmoja. Ikarudi tena. Kila ikirudi, wiki imekwenda, na kadi za harusi zilikuwa zimeshagawiwa. Nikawa nafungua simu kazini kila nikishusha mzigo mpaka msimamizi akaniuliza kama nina mgonjwa. Nakiri kwamba siku zile nilitamani sana mzee akubali kuku.

Kibali kilitoka Jumatatu ya wiki ya harusi. Blesbok mmoja, dume, siku mbili tu, Jumatano na Alhamisi. Blesbok ni swala mwenye baka jeupe usoni toka kwenye pembe mpaka puani. Pamoja na karatasi ilikuja lebo ya plastiki yenye namba, ya kufungwa mguuni mwa mnyama. Ikishafungwa, basi, imetumika. Walima ulikuwa Jumamosi.

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka na bakkie ya mzee, ndiyo pikapu kwa watu wa huku. Nyuma tulipakia sanduku la barafu, visu vitatu vilivyofungwa kwenye taulo, na chapati za mama mkwe ambazo hazikufika Pietermaritzburg. Mzee huendesha taratibu na huongea na malori. "Nenda, nenda, wewe unalipwa," alikuwa akiyaambia kila yanapotupita. Mimi aliniambia maneno machache. Mara mbili aliniuliza juu ya mbuzi wa Tanga, wakubwa kiasi gani, na mara mbili nilimjibu kwa mikono.

Saa tatu tulikuwa tunapanda mlima wa Van Reenen. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na malori yalipanda yakiwa yamewasha taa zote. Tulipotokea juu, nchi ikawa nyingine kabisa: majani ya rangi ya simba, mbingu kubwa, na baridi iliyoingia kwenye bakkie hata vioo vikiwa vimefungwa. Enyi wa Tanga, baridi hiyo hamuijui. Niliona barafu kwenye beseni la ng'ombe, na jua limeshatoka.

Saa nne na nusu tulifika shambani. Alitupokea Désiré, Mrundi aliyekuwa na kiduka cha simu katikati ya mji wa Durban, jirani na duka la viatu la mzee. Siku hizi ndiye anayesimamia wawindaji na chumba cha kuchunia pale shambani, na ndiye aliyetuombea nafasi kwa mwenye shamba.

"Karibuni papa, karibu kaka. Huku iko baridi mingi, si kama kwetu Durban. Chai iko, mkate iko. Kibali iko wapi?"

Mzee akakitoa mfukoni kama mtu anayetoa hati ya nyumba. Désiré akakisoma mpaka chini.

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Sharp. Basi tusikosee."

Alasiri hiyo tulizunguka mpaka jua likashuka. Kundi tuliliona, yapata wanyama thelathini, lakini upepo ulikuwa ukitoka kwetu kwenda kwao. Kila mzee akipiga goti, vichwa vyote vinainuka na kundi linahama kilima. Hakupiga hata risasi moja. "Simpigi wa kubahatisha," alisema. Nilifurahi, na nikaona haya kwamba nimefurahi.

Magharibi, baada ya sala, tuliota moto nyuma ya nyumba ya Désiré. Mzee alikuwa akinoa kisu, akijaribu makali kwenye kucha ya kidole gumba. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mbuzi wote walikuwa wa ami yangu, na kwamba mimi kwa mkono wangu nimewahi kuchinja kuku tu, tena nikiwa nimesimamiwa.

Aliacha kunoa. "Kibali kimoja. Siku moja imebaki. Na mchinjaji wangu ni wa mdomo."

"Nisamehe, baba."

"Ulimdanganya nani? Mimi? Mimi nimeshakupa binti. Umemdanganya huyu mnyama, maana kesho atapata maumivu kwa ajili ya sifa zako."

Maneno hayo yaliniingia. Désiré akajaribu kunisaidia. "Papa, mi nakata kila siku. Kesho nitakimbia mie."

"Asante, Désiré. Wewe ni ndugu. Lakini hii lazima achinje Mwislamu, na Mwislamu mwenye magoti hapa ni huyu." Akanigeukia. "Lete lile blanketi."

Tukalikunja blanketi likawa shingo. Akanifundisha pale pale, mwanga wa moto ukitosha: goti likae wapi, mkono wa kushoto ushike pembe namna gani, kisu kipite chini ya taya mara moja bila kusitasita. Nikalichinja lile blanketi kwa mgongo wa kisu labda mara arobaini. Alikuwa mkali. Mara ya mwisho alisema, "Sasa ulale," na sauti ilikuwa imepoa.

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, upepo ulikuwa umegeuka. Tulilala kifudifudi kwenye majani yenye barafu, kundi likiwa mbele yetu, na dume mmoja amejitenga pembeni. Désiré alimtazama vizuri kwa darubini akatikisa kichwa kukubali. Mzee akasoma bismillahi yake, akavuta pumzi, akapiga. Dume alianguka. Nikainuka. Naye akainuka, akakimbia huku ameinama upande mmoja, akapotea nyuma ya mwinuko.

"Kimbia!" alisema mzee. Alikuwa ameshatoa risasi kwenye bunduki.

Nilikimbia. Hewa ya kule juu ni nyembamba, na mimi kazi yangu ni ya kukaa. Njiani mguu wangu uliingia kwenye shimo la muhanga, nikaangukia shavu, nikainuka nikiwa bado nimeshika ala ya kisu. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Usife, usife, usife," nikimbembeleza mnyama niliyekwenda kumchinja. Nilimkuta amelala ng'ambo ya mwinuko, kwenye mteremko wa pili unaoonekana kutoka pale alipobaki mzee. Jicho lake lilikuwa wazi. Nilipiga goti, nikashika pembe, nikasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," na mkono ukafanya kile ulichofundishwa. Damu ikatoka nyingi, ya moto, ikapanda moshi kwenye baridi.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Je, alikuwa hai? Jicho wazi si dalili, hata maiti ana jicho wazi. Nilikuwa nimeangalia kisu tu. Bakkie ilipofika, mzee akiwa ameshikilia mlango, sikuweza kusubiri. Uongo ulikuwa umeshanitosha.

"Baba, sina hakika. Sijui kama alikuwa mzima. Kama ni kibudu, tuseme ni kibudu."

Mzee alishuka polepole. Aliinama akatazama koo, akaligusa, akajifuta mkono kwenye majani.

"Nilikuwa nakuangalia kwa darubini. Mguu wa nyuma umepiga mara mbili baada ya kisu. Mara mbili, nimehesabu. Na Désiré ameona."

"Nimeona, kaka. Alirusha kabisa."

Nilikaa chini kwenye majani nikalia, wala sikujificha. Mzee akafunga lebo mguuni mwenyewe, akaandika saa na tarehe kwenye kibali, kisha akanipa mkono ninyanyuke. Ilikuwa saa mbili kasoro, na jua lilikuwa limeanza kuyeyusha barafu.

Mchana tulirudi. Nyama ilikuwa imechunwa kwa visu vyetu, imelala kwenye sanduku la barafu, na karatasi za kuivusha mkoa zilikuwa juu ya dashibodi. Mzee aliimba kaswida kuanzia Van Reenen mpaka chini, vibaya sana. Nilijihisi mwepesi hata nikamsamehe kila fomu iliyorudi. Mkiniuliza huko nyumbani nimejifunza nini, nitasema hivi: ukitaka kumdanganya baba mkwe, usimdanganye juu ya jambo ambalo atakupa kisu ulitende. Na la pili, ukweli uliochelewa bado unapokelewa, ila utaufanyia mazoezi usiku.

Jumamosi, adhuhuri, masinia yaliletwa. Wali, na juu yake nyama nyeusi iliyokolea viungo. Niliketi na wanaume, shati jipya likinibana shingo. Jirani mmoja wa mzee, mtu wa makamo mwenye ndevu nyeupe, alinyoosha mkono, kisha akausimamisha juu ya sinia, kama wanavyofanya hapa wakiletewa nyama ya porini.

"Hamisi, nani kachinja?"

Vidole vya ukumbi mzima vikasimama juu ya masinia.

"Mwanangu huyu," alisema mzee. "Nilikuwa namwangalia."

Yule jirani akasema bismillahi, akala.