Mbuzi wa Ubatizo

Okito alibatizwa siku ya Pasaka, akapewa jina la Ferdinand, na tangu hapo hakushikika. Jamani, utakatifu ulimpanda kichwani! Kwenye karakana ya reli ya Kindu, alikokuwa akigonga chuma kwa Wabelgiji, mtu hakuweza hata kuitukana nyundo iliyomponda kidole bila Ferdinand kumkazia macho. Nyumbani alichoma hirizi, akamwaga pombe, akawa anasali mpaka uji unapoa. Mke wake Euphrasie alifurahi, lakini alinung'unika chini chini, "Huyu muntu ataniua na Salamu Maria."

Sasa, karamu katika mtaa wao ilikuwa na desturi yake. Mwenye mbuzi, awe Mkristo awe nani, humwita jirani Mwislamu achinje, ili nyama iwe halali na mtaa mzima ule. Kwa Ferdinand mchinjaji alikuwa siku zote Sudi, mshona nguo wa nyumba ya pili. Ndiye aliyempakia Euphrasie kwenye baiskeli yake mpaka hospitali, mvua ikimwagika, siku uchungu wa kumzaa Odile ulipomshika. Watoto wa nyumba hizo mbili walikulia sinia moja.

Lakini karamu aliyoiandaa sasa ilikuwa ya ubatizo wake. Mbuzi wa Mkristo asomewe maneno ya Kiislamu? Hata kidogo! Ferdinand akamchinja mwenyewe nyuma ya jiko, na moyo wake ukajaa raha.

Wageni wakaja. Sudi alifika na kanzu iliyopigwa pasi, mkewe Hawa na chungu cha wali kichwani, watoto nyuma wameogeshwa wakang'aa. Sudi akaitazama nyama.

"Baba Odile, nani alichinja?"

"Njo miye," Ferdinand akasema, akijipiga kifua.

Jamila, kitinda mimba wa Sudi, alikwisha kunyoosha mkono sahanini. Baba yake akaushika polepole. "Si yetu, mama." Mtoto akaangua kilio. Wakawatakia wenyeji baraka, wakaacha wali wao, wakaenda zao.

Euphrasie alingoja wageni wote watoke. "Sasa ulibatizwa, ao ulilaaniwa?"

Ferdinand alikasirika, halafu akaona haya. Jumamosi akaenda kuungama. Padri alimwondolea dhambi, akampa sala za malipizi, naye akatoka mwepesi kabisa. Kumbe! Kufika nyumbani, Odile yuko peke yake kizingitini. Watoto wa Sudi hawakuvuka tena ua. Sudi mwenyewe alimwamkia vizuri, vizuri mno, jinsi watu walivyomwamkia mtoza kodi.

"Mungu amenisamehe," Ferdinand alifoka mbele ya mkewe, "huyu naye anataka nini?"

Euphrasie akaendelea kutwanga muhogo.

Jumapili, kanisani, Ferdinand alipanga mstari kwenda kupokea komunyo. Mstari ukasogea, yeye akasogea, na kila hatua ikawa nzito. Akilini alimwona Jamila analia mbele ya sahani. Alipokaribia altare, akageuka, akapita katikati ya watu wanaomkodolea macho, akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Sudi.

Sudi alikuwa barazani kwenye cherehani yake.

"Ndugu yangu, nilikosa," Ferdinand akasema. "Unisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile, Baba Odile. Nyama ni nyama." Sudi akasimamisha gurudumu la cherehani. "Lakini Jamila aliniuliza, 'Baba, tulimukosea nini Baba Odile?' Nilikosa jibu. Umwambie weye."

Loo! Mtu mzima amwombe msamaha mtoto wa kunyonya kidole? Afadhali agonge chuma mpaka jioni. Lakini Jamila alikuwa pale, amejificha kwenye kikwembe cha mama yake, anachungulia kwa jicho moja. Ferdinand akapiga magoti vumbini na suruali yake ya Jumapili.

"Jamila, mama, hamukunikosea kitu. Njo miye nilikosa. Nilitaka kumuonyesha Mungu kama ninamupenda, nikawafukuza ninyi ku chakula."

Mtoto akatoa kichwa chote nje ya kikwembe.

"Na Mungu alifurahi?"

Ferdinand alifungua kinywa, na yale yote aliyokariri kwa ajili ya ubatizo hayakumsaidia hata neno moja. Machozi yakamtoka, mbele ya Sudi, mbele ya Hawa, mbele ya wapita njia.

"Hapana, mama," akasema. "Hakufurahi."